Maji ya Kunzaiti

Reginald alilitoa jiwe ndani ya soksi ya mtoto, akaliweka mezani polepole kama mtu anayetua yai.

"Fundi, usiliguse kwanza," alisema. "Litazame tu."

Yona aliinamia meza. Anneth, mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule karibu na mlango, aliacha kukanyaga cherehani ili naye aone. Lilikuwa jiwe refu na bapa, lenye ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, na mistari iliyotoka ncha hii hadi ncha ile. Ukilitazama ubavuni lilikuwa karibu jeupe. Reginald aliliinua kwa vidole viwili, akageuza ncha yake ielekee dirishani, na rangi ikatokea ndani: waridi inayoelekea zambarau, kama maji ya kwanza ya kufulia kitenge kipya.

"Si tanzanaiti hii," Yona alisema.

"Kunzaiti. Imetoka Msumbiji, imepita mikono mitano kabla ya kunifikia, na kila mkono umenitisha zaidi. Ukiigonga vibaya inachanika kama kuni ya mkaratusi. Ukiipasha moto, rangi inakwenda. Ukiiacha juani, inafifia mpaka inakuwa kioo cha chupa. Na mafundi wa hapa Arusha unawajua. Wamezoea kuchoma kila jiwe ili liwe bluu. Nikimpa mmoja wao, atalitia jikoni kwa mazoea tu, aniletee barafu."

"Sasa mimi unaniletea ya nini, Mangi?" Yona aliuliza, kwa jina wanaloitwa wafanyabiashara wa Kichaga mjini.

"Wewe una mikono," Reginald alisema, na wote watatu wakaitazama mikono yenyewe.

Kabla ya kuugua, Yona alijulikana Arusha yote, kuanzia Kijenge mpaka Sokon One. Alijifunza kazi mwenyewe, enzi ambazo mawe yalikuwa yakiuzwa kwa kificho nyuma ya milango. Biashara ilipofunguliwa na kila mwenye leseni akaweka kibao chake barabarani, wanunuzi walianza kuulizia jiwe lililochongwa na Mmeru yule. Mwaka uliopita, baada ya masika, aliacha kulala. Aliongea usiku na mchana. Aligawa vyombo vya ndani kwa wapita njia. Alipanda kwa mama yake Singisi, kijijini kwenye mlima Meru, akafyeka nusu ya mibuni ya marehemu baba yake akisema Mungu anahitaji uwanja. Polisi walimkuta barabara ya Moshi, nusu uchi, akitembea kwa haraka. Alipoulizwa aendako alijibu anamwonyesha Mungu njia ya mkato.

Hospitalini daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa akili kupanda na kushuka, na kwamba dawa yake ni lithiamu. Vidonge vyeupe, kila siku, na damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu dawa ikipungua haisaidii na ikizidi ni sumu. Vidonge vilimrudisha Yona nyumbani. Alilala, alikula, alimbeba binti yao Sia mabegani kumpeleka dukani. Ila mikono yake ilianza kutetemeka, kidogo tu, kama chai kikombeni lori linapopita nje. Kwa mtu mwingine isingekuwa kitu. Fundi wa kuchonga nyuso za jiwe hana nafasi ya kitu kidogo. Tangu hapo alisaga shanga za mviringo, kazi ya wanaoanza, na Reginald aliendelea kumletea shanga kwa sababu hakutaka kumtupa.

"Sikia kichekesho," Reginald alisema sasa, akitafuta pa kutokea. "Yule Mjerumani anayenunua kwangu ameniambia jiwe hili lina lithiamu. Ndani kabisa. Kwao wanalichukua wanatengenezea betri, vyungu visivyopasuka motoni, grisi ya magari, na," akamwelekezea Yona kidole, "vidonge vyako. Kumbe kila asubuhi unameza mawe, fundi, na mimi nahangaika kutafuta wateja!"

Anneth alicheka. Yona alichelewa kucheka.

"Basi nijaribu," Yona alisema. "Kama mikono ikikataa, nitakurudishia lilivyo."

Walipima kwa mzani mdogo wa Reginald na kufanya walivyofanya siku zote: mwenye jiwe hutaja uzito kwa sauti, fundi hurudia, ili siku ya kurudisha pasiwe na maneno.

"Karati mia na kumi na mbili na robo."

"Mia na kumi na mbili na robo," Yona alirudia.

Jumamosi mama yake Yona, Tabitha, aliteremka kutoka Singisi na mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa. Ulikuwa mwezi wa Julai, mlima haukuonekana kwa wiki nzima, na Tabitha aliingia akiwa amejifunga khanga mbili juu ya sweta.

"Shikamoo, mama," Anneth alisema.

"Marahaba, mama Sia. Huyu mtoto mbona kifua wazi na baridi hii? Nyie wa Machame mnajiona mmezaliwa kwenye barafu ya Kilimanjaro."

"Ndiyo maana hatuugui, mama."

"Hamuugui, mnajisifu tu." Alimvuta Sia, akamfunga khanga moja. Kisha akaliona jiwe mezani, na Yona akamweleza yote, pamoja na utani wa Reginald. Tabitha hakuuchukua kama utani. Alikaa akaligeuza jiwe mkononi, akalinusa.

"Kwa hiyo dawa ya hospitali ni jiwe hili."

"Limo ndani yake, mama," Yona alisema.

"Na vidonge ndivyo vinakutetemesha."

"Ndivyo."

Tabitha aliachama, akagonga meno yake kwa kidole. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya jirani zake wote waliokulia upande ule wa mlima. "Haya nani aliyapaka rangi? Si maji? Yanapita kwenye mwamba, yanachukua kilichomo, sisi tunakunywa. Walikuja wataalamu na vichupa vyao wakatwambia wenyewe. Huoni kitu kwenye maji, huonji kitu. Lakini tazama meno. Tazama miguu ya wajukuu wa jirani yangu Nashipae ilivyopinda. Sasa niambie, mama Sia, wewe uliyesoma kuliko mimi: kama maji yanaweza kubeba ubaya wa jiwe, yanashindwa vipi kubeba uzuri wake?"

Anneth aliyatazama meno yale. Ubaya wa maji ya Singisi aliujua. Alikuwa ameyaona mwenyewe yakichotwa, meupe kabisa.

"Mama, daktari alisema vidonge visiachwe."

"Daktari namheshimu. Lakini daktari hakujua kama mwanangu analala na jiwe lenyewe chumbani."

"Si kuacha dawa," Yona alisema. Sauti yake ilikuwa ya utulivu, na hilo ndilo lililomfanya Anneth amsikilize. "Ni dawa ileile, mama Sia. Ile ya kiwandani ina nguvu kupita kiasi, ndiyo maana lazima wanipime damu. Ya maji itakuwa pole. Nipe wiki mbili. Ikishindikana, chupa ile iko pale."

Akaiweka chupa ya vidonge juu ya kabati. Kisha akaosha mtungi wa kioo, akautia maji yaliyochemshwa na kupoa, akalilaza jiwe ndani na kuufunika kwa kitambaa cheusi mwanga usije ukala rangi. Kila asubuhi alikunywa glasi moja, na Anneth akaujaza tena mtungi.

Siku za kwanza Anneth alimtazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Hakuona baya. Aliona mikono. Siku moja baada ya nyingine mtetemo ulipungua, hadi asubuhi moja Yona alipomwinua Sia, akamnyoa nywele kwa wembe, mistari iliyonyooka nyuma ya sikio, bila kumkwaruza. Alichukua vipande vya garneti, mawe mekundu, alivyokuwa navyo akavichonga nyuso, akavipanga kwenye kiganja cha Anneth, na vikawaka vyote kwa pamoja alipousogeza mkono.

"Unaona?" alimwambia.

"Naona," Anneth alisema, na kweli aliona. Huyu ndiye aliyemwoa. Kwa miezi mingi alikuwa ameishi na mtu mpole, mzito, aliyeficha mikono mapajani wageni wakija. Sasa mume wake alipiga mluzi akifanya kazi, na Anneth alipoujaza mtungi alijikuta akichagua maji yaliyo safi zaidi.

Reginald alipita, akaziona zile garneti, akazitazama kwa lenzi yake muda mrefu. "Fundi amerudi," alisema. "Lini unaanza lile kubwa?"

"Linaniambia bado," Yona alijibu.

Reginald alicheka. Anneth hakucheka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Yona alimaliza shanga za mwezi mzima kabla wiki haijaisha. Alipaka ukuta wa mbele rangi ya waridi, nusu, akaacha, akaanza kuchimba mtaro. Aliamka kabla ya jogoo, halafu ikawa haamki kwa sababu hakulala. Maneno yake yalianza kukanyagana. Alisema mlima wote wa Meru ni kunzaiti ndani, ngozi tu ndiyo mwamba, na kwamba siku moja ataufungua kwa kuugonga mahali pamoja. Alimkataza Sia kunywa maji mengine yoyote.

"Mama," Sia alisema, "baba anaongea na jiwe. Na jiwe linamjibu."

"Linamjibu nini?"

"Sijui. Linaongea kama yeye."

Asubuhi hiyo Anneth aliishusha chupa ya vidonge, akapangusa vumbi, akaiweka mbele ya mumewe pamoja na uji.

"Baba Sia, wiki mbili zimepita. Ni ya tatu sasa. Maji hayafanyi kazi."

"Hayafanyi kazi?" Alinyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wake, vidole wazi. Haikucheza hata kidogo. "Hii ni nini?"

"Hiyo ni kwa sababu umeacha vidonge. Hulali, Yona."

"Silali kwa sababu sichoki! Unataka nini, mama Sia? Unataka mume wa kusaga shanga? Unataka nikae hapo kwenye kona, nikizubaa, wateja wako wanishike mkono kwa huruma? Sema. Mikono hii ilikupendeza juzi."

Ilikuwa kweli.

Aliirudisha chupa juu ya kabati, akamwacha Sia kwa jirani, akaenda mjini. Ofisi ya Reginald ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na Reginald alisimama alipomwona uso.

"Shemeji, kuna msiba?"

"Bado. Kaka Reginald, nijibu swali moja bila utani. Ukililoweka lile jiwe, lithiamu inaingia kwenye maji?"

Reginald alimkodolea macho. Anneth alimweleza habari za mtungi, na kadiri alivyoeleza, Reginald alizidi kuinama, mwishowe akavua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, mimi nilikuwa natania."

"Najua. Jibu."

"Haiingii. Yule Mjerumani alinieleza jinsi wanavyofanya. Wanalichoma kwenye tanuri kali, kali kuliko la matofali mara nyingi, mpaka jiwe linavimba na kumeguka. Wanalisaga. Wanalichanganya na asidi wanalichoma tena. Ndipo maji yanapoweza kulitoa lililomo. Kwa maji matupu?" Akatikisa kichwa. "Mawe haya mengine tunayaokota kwenye mito, shemeji. Yamelala majini tangu kabla ya babu zetu. Yangekuwa yanatoa kitu, tungekuta nini?"

"Basi njoo na mzani wako. Yona hanisikii mimi. Mzani atausikia."

Reginald alikaa tena kitini. Aliizungusha kofia. "Shemeji, nisikilize na usikasirike. Zile garneti niliziona. Tangu augue sijaona kazi kama ile, kwake wala kwa mtu mwingine. Lile jiwe hakuna hapa mjini wa kulichonga isipokuwa yeye, na akirudia vidonge basi. Siku nne tu. Akishamaliza, mimi mwenyewe nitampeleka hospitali, kwa gari langu."

"Siku nne zilizopita hajalala hata moja," Anneth alisema. "Mwaka jana siku kama hizi alikuwa kwa mama yake na panga."

Reginald alitazama dirishani. Chini, kwenye duka la vipuri, mtu alikuwa akijaribu honi, akiipiga tena na tena.

"Kesho baada ya ibada," alisema.

Jumapili Tabitha alikuja pia, kwa sababu Anneth alikuwa amemtumia salamu na mama wa kwao aliyekuja sokoni. Alikaa kitandani na Sia. Yona alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe, na alimpokea Reginald kwa furaha kubwa mno.

"Mangi! Umekuja kuona!"

"Nimekuja kupima, fundi. Kwa utaratibu wetu."

Anneth alilitoa jiwe kwenye mtungi, akalifuta, akalisubiri likauke kabisa. Hakutaka lawama ya hata tone moja. Reginald aliuweka mzani mezani, akaufunga mlango upepo usiingie, akaliweka jiwe juu yake.

"Soma wewe," alisema.

Yona aliinama. "Mia na kumi na mbili na robo."

"Rudia."

"Mia na kumi na mbili na robo."

"Limekaa majini wiki tatu, baba Sia," Anneth alisema kwa upole. "Halijapungua. Kama maji yangechukua kitu, lingepungua. Ulichokuwa unakunywa ni maji."

Yona aliendelea kuinama juu ya mzani, na kwa muda Anneth aliamini kwamba ameona. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akainua uso, na uso ulikuwa unang'aa.

"Halijapungua!" alisema. "Mama, umesikia? Nimekunywa, nimekunywa, na halijapungua! Kama chupa ya mafuta ya yule mjane wa Sarepta! Si wewe uliyenisomea? Alimimina, na haikupungua! Mangi, unajua umeniletea nini? Hawa wote watakunywa, Kijenge yote, Terrat, mlima mzima, na tutapima, na itakuwa mia na kumi na mbili na robo mpaka mwisho wa dunia!"

Anneth aliona kwamba mzani umemsaidia kupanda ngazi nyingine. Hakuwa na kitu kingine alichokiandaa.

Aliyebadilika ni Tabitha. Alikuwa amemshika Sia mapajani. Sasa alimteremsha taratibu na kumsukuma nyuma yake. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomwamsha mwaka uliopita, ikitoka shambani, mibuni ikilia chini ya panga.

Reginald alilichukua jiwe akalitia mfuko wa koti. "Fundi, mimi nalirudisha kwangu kwanza."

"Weka."

"Nitalitunza. Ukipata nafuu..."

"Weka, Mangi." Yona alikuwa amekwishafika mlangoni. Alimkamata Reginald ukosi wa shati, akamkandamiza kwenye ukuta. "Unanichukulia dawa. Mnataka nife? Mmepanga, wewe na huyu?"

Sia alianza kulia. Reginald alimtazama Anneth juu ya bega la Yona. "Shemeji, au niliache tu?"

"Ondoka nalo," Anneth alisema, ingawa hakujua ataondokaje.

Tabitha aliinuka. Alisema neno moja kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, na Yona akageuza shingo. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, ili mkwewe asiachwe nje.

"Yona. Nani alikuambia maji yanakula jiwe?"

"Wewe, mama."

"Mimi. Nilisema nikijua maji ya kwetu na mwamba wa kwetu. Hili si la kwetu. Na wewe, baba mwenye jiwe, hebu sema uliyomweleza mama Sia, wanavyolifanya huko Ulaya. Usimwangalie yeye, niambie mimi."

Reginald, ukosi wake ukiwa bado mkononi mwa Yona, aliusimulia upya moto, kusagwa, asidi, na moto tena.

"Umesikia, mwanangu?" Tabitha alimsogelea. "Jiwe lako lina kiburi. Maji yamelala nalo wiki tatu na halikutoa hata punje. Hujaona chupa ya mjane, Yona. Yule alimimina, mafuta yakatoka. Hapa hakikutoka kitu. Umesoma mwenyewe kwenye mzani, mara mbili. Dawa imo humo kweli, lakini mpaka moto uifungue." Alinyoosha mkono juu ya kabati bila kugeuka, akapapasa, akaishika chupa. "Wenzako wameshalifungua. Wamelichoma, wamelisaga, wamelitia humu. Hili ndilo jiwe lililofunguliwa. Lile alilonalo huyu baba mfukoni limefungwa bado. Wewe fundi, utachagua lipi?"

Yona aliitazama chupa. Vidole vyake havikuuachia ukosi, lakini vililegea.

"Na mikono?" alisema.

Tabitha alifungua mdomo. Anneth aliona kwamba mama anataka kumpa jambo jema, kwamba mikono itapona baadaye, kwamba Mungu anajua. Aliona pia kwamba Yona akidanganywa sasa, siku mikono itakapoanza tena hataigusa chupa ile kamwe.

"Itatetemeka," Anneth alisema.

Mumewe alimgeukia.

"Itatetemeka, baba Sia. Tutamwuliza daktari kama anaweza kupunguza. Akisema haiwezekani, itatetemeka. Jiwe hilo hutalichonga."

Yona alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Umemsikia huyu?" alimwambia mama yake, machozi yakishuka. "Hata kunidanganya hawezi."

Aliuachia ukosi wa Reginald. Kabla ya kurudi nyuma aliunyoosha, akafunga kifungo kilichochomoka, kwa vidole vile vilivyotulia, vya uhakika, na Reginald akasimama kama mtoto anayevishwa. Kisha Reginald akatoka na jiwe, bila kuaga.

Tabitha alimimina kidonge kimoja kiganjani. Anneth alileta kikombe cha maji, na Yona akakisukuma pembeni. Alikishika kidonge kwenye mwanga, akakigeuza upande na upande, akitafuta ndani yake jambo asilolipata. Akakimeza kikavu. Anneth alilitazama koo lake mpaka kikashuka.

Hakuna kilichobadilika. Yona alikaa kitandani akaendelea kuongea: mjane, mafuta, mtaro, mlima, mahali pamoja pa kugonga. Anneth alijua haitabadilika leo. Mwaka uliopita ilichukua zaidi ya wiki kabla dawa haijashika, na hospitalini, wala si chumbani na mtoto. Kesho itawabidi kumpeleka wapime damu, na akikubali kwenda itakuwa ni bahati.

"Mama, kahawa yako," alisema kwa sauti ya chini. Ilikuwa imeanza kuiva, na siku hizi wanunuzi binafsi walipita nyumba kwa nyumba. Asiyekuwepo alirukwa.

"Watapita," Tabitha alijibu. Alivua kandambili akaziweka chini ya kitanda, akakaa upande wa pili wa mwanawe na kumshika kiwiko. Yona aliuacha mkono ushikwe, lakini macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye njia aliyoondokea Reginald.

Anneth aliivuta cherehani yake ikaziba mlango. Alianza kushona, kwa sababu sare zilitakiwa Jumatatu na kwa sababu alihitaji kuwa na jambo la kufanya huku akimsikiliza. Kidonge kimoja kilikuwa kimeingia. Cha kesho kilikuwa bado ndani ya chupa, na usiku mzima uliokuwa mbele yao Yona angeutumia kuamua upya jiwe lake ni lipi, la chupani au lililoondoka na Reginald.